Soya Kongwa: mbegu ya siku 95 na ya siku 115, ipi itangulie shambani?

Mwana_Kibaigwa

Habari zenu wakuu. Nina ekari nne upande wa Kibaigwa, wilaya ya Kongwa, udongo mwekundu wa kichanga-tifutifu. Zilikuwa za alizeti na mahindi, msimu huu zote zinaingia soya. Mbegu ipo tayari, aina mbili: kilo 60 za muda mfupi (pakiti inasema siku 95) na kilo 60 za muda wa kati (siku 115). Zote zina lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu. Hakuna umwagiliaji, ni mvua ya Mungu tu.

Nimekwama kwenye tarehe. Majirani wanasema mvua ya kwanza ikidondoka, hata iwe Desemba 1, fukia, na ya siku 95 itangulie ili mvua ikikatika mapema niwe nimeshavuna. Muuza pembejeo anasema soya ya huku ni Januari. Mtandaoni nako maelezo mengi ni ya Marekani: panda mapema ndiyo mavuno, na kila siku tatu unazochelewa kupanda, soya inachelewa kukomaa siku moja tu.

Nani yuko sahihi? Na hiyo hesabu ya tatu kwa moja inafanya kazi huku kwetu? Maana kama ni kweli, kuchelewa hakuna hasara kubwa.

---

Agronomia_DOM

Mkuu, geuza mpango wa majirani: ya siku 115 itangulie, ya siku 95 ifuate. Desemba 1 ni mapema mno kwa ile fupi, na Januari ya muuza pembejeo ni kuchelewa kwa ile ndefu.

Katika maisha ya soya kuna wiki nne zinazoamua utajaza magunia mangapi, nazo ni tangu punje zinapoanza kuvimba ndani ya maganda hadi zinapoacha kukua. Kabla ya hapo mmea unaweza kujirekebisha. Soya hudondosha zaidi ya nusu ya maua yake hata mwaka wa neema, na jua likiipiga wiki nzima wakati wa maua, mvua ikirudi inatoa mengine. Punje ikishaanza kujaa mchezo huo umekwisha. Maji yakikosekana hapo, punje inabaki ndogo, na ganda lililokuwa la punje tatu linatoka na moja.

Sasa tazama mvua zetu. Dodoma tunapata wastani wa kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na mwanzoni mwa Aprili. Na ndani ya muda huo kuna lile jua la Februari, mara nyingi wiki mbili hivi bila mvua ya maana. Kwa hiyo usihesabu kuanzia mvua ya kwanza kwenda mbele. Hesabu kurudi nyuma, ukitaka zile wiki nne za kujaza punje ziangukie Machi.

Aina ya siku 95 hutoa maua karibu siku ya 40, huanza kujaza punje karibu siku ya 58 na humaliza karibu siku ya 85. Siku kumi za mwisho ni za kukauka tu. Aina ya siku 115 hutoa maua karibu siku ya 48, hujaza kuanzia siku ya 72 hadi ya 103. Ni makadirio, yanasogea siku chache kufuatana na joto.

Ukifuata majirani na kupanda ile fupi Desemba 5, itajaza punje kuanzia Februari 1 hadi Februari 28. Yaani umeipeleka moja kwa moja kwenye jua la Februari. Halafu itakuwa tayari kuvunwa Machi 10, mvua zikiwa zimerudi, maganda makavu yanalowa na kukauka, yanalowa na kukauka. Punje zinaota ukungu, nyingine zinachipua zikiwa bado kwenye mti.

Ipande ileile Desemba 25: maua Februari 3, kujaza punje Februari 21 hadi Machi 20, kuvuna mwishoni mwa Machi. Na ile ya siku 115 ukiipanda Desemba 15: maua Februari 1, kujaza punje Februari 25 hadi Machi 28, kuvuna kuanzia Aprili 9. Zote mbili zinakutana na jua la Februari zikiwa kwenye maua, mahali ambapo zina uwezo wa kuvumilia, na zinajaza mvua zikiwepo.

Kikomo nacho kinatoka kwenye hesabu hiyohiyo. Tuseme mvua ya mwisho ya maana ni Machi 25 na udongo wako unakuvusha siku kumi zaidi, yaani Aprili 5. Ukirudi nyuma siku 103 unafika Desemba 23. Ukirudi nyuma siku 85 unafika Januari 10. Kwa hiyo ile ndefu, kama Desemba 23 imepita na hujapanda, iache. Ile fupi mwisho wake ni Januari 10. Kondoa kwenye miinuko unaweza kuongeza siku chache, Bahi punguza.

Kuhusu Wamarekani: hawajakosea, ila wanasema ya kwao. Soya hupima urefu wa usiku. Iowa, jimbo lao, iko kama nyuzi 42 kaskazini, mchana wa Juni unazidi saa 15. Ukichelewa kupanda kule, mmea unakutana na siku zinazofupika kwa kasi, unaharakisha kutoa maua na kukomaa. Ndiyo maana siku tatu za kuchelewa zinageuka moja mwishoni. Dodoma iko nyuzi 6 kusini. Tofauti ya mchana mrefu kabisa wa Desemba na mfupi kabisa wa Juni ni kama dakika 43 tu, na kati ya Desemba na Machi mwishoni ni kama dakika 20. Msukumo huo ni mdogo sana kuharakisha kitu. Huku ukichelewa siku kumi, kukomaa kunachelewa karibu siku kumi, isipokuwa ukame uiue kabla. Ikikauka kabla ya wakati, watu husema "imekomaa mapema". Haijakomaa, imekufa.

Kwa sababu hiyohiyo usije ukashawishika kuletewa mbegu ya Iowa na ndugu yako. Aina za kule, zile wanazoziita kundi la 2 au la 3, zikifika hapa zinaona usiku mrefu tangu zinachipua. Zinatoa maua kabla hata ya wiki ya tano, mmea hauna urefu wala pingili za kubeba maganda. Brazili waliweza kuipeleka soya kwenye nyanda zao za joto baada ya kupata aina zinazokawia kutoa maua hata siku zikiwa fupi. Za kwetu, Bossier, jamii ya Uyole Soya na zile za TGx zilizotoka IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo kule Ibadan, Nigeria, zimechaguliwa kwa ukanda wa joto.

---

MamaEkari

Naongezea kwa Agronomia, maana tarehe bila unyevu ni karatasi tu. Desemba 15 isikufanye upande kwenye vumbi.

Huku tumezoea uwele na mtama, vinapandwa kavu na vinasubiri. Soya haisubiri. Ili ichipue inabidi inyonye maji karibu nusu ya uzito wake, wakati hindi linatosheka na kama theluthi. Ikipata manyunyu ya milimita 8 inavimba, ngozi inapasuka, jua linarudi, inaoza au inapikwa. Na ukishaibandika bakteria (wale wa vinundu vya mizizi, wanaoipa soya naitrojeni) ndiyo usithubutu kabisa, udongo wa juu ukipita nyuzi joto 40 wengi wao wanakufa.

Kigezo: angalau milimita 25 ndani ya siku tatu, NA udongo uwe umelowa kufika sentimita 15 hadi 20. Kama huna kipima mvua, tega kopo lenye kuta zilizonyooka mbali na miti na paa, pima kwa rula kila asubuhi, kisha mwaga. Kulowa kwa udongo pima kwa kipande cha nondo ya milimita 6: chomeka kwa mkono, kitazama bila shida kwenye udongo uliolowa na kugoma kikifika pakavu. Pima sehemu sita au saba za shamba, sio pale karibu na njia tu.

Kabla ya yote jaribu uotaji, hata kama lebo ipo. Mbegu ya soya hupoteza uhai haraka kuliko mahindi, hasa ikikaa kwenye stoo ya bati. Punje 100, kitambaa kilicholowa, kunja, weka kivulini siku tano hadi saba. Zikiota 80 kwenda juu panda kama kawaida. Zikiota 60 hadi 80 ongeza mbegu kwa uwiano. Chini ya 60 rudisha ulikonunua.

Nafasi: mstari hadi mstari sentimita 45, shimo hadi shimo sentimita 10, mbegu mbili. Inatoka kama mimea 180,000 kwa ekari, na kwa mbegu ya kawaida ni kilo 27 hivi. Kilo zako 60 kwa ekari mbili zinatosha na kubaki kidogo cha kupandia mapengo. Kina sentimita 3 hadi 4. Udongo wako mwekundu mvua kubwa ikiupiga kisha jua likawaka unafunga gamba juu, na soya inatoka kwa kusukuma shingo kwanza, gamba likiwa gumu shingo inakatika. Ukiona gamba siku ya tatu au ya nne, lipasue kwa reki nyepesi au kokota tawi la miiba asubuhi udongo ukiwa na ubaridi. Usiligonge kwa jembe.

Ardhi ambayo haijawahi kulimwa soya lazima uchanganye mbegu na bakteria wa soya. Wale wa maharage au kunde hawafai. Kipimo soma kwenye pakiti. Changanya kivulini, mbegu iwe na unyevu wa kunata tu, panda siku hiyohiyo na fukia palepale. Mfukiaji awe nyuma ya mdondoshaji hatua mbili. Kama mbegu imepakwa dawa ya ukungu, muulize aliyekuuzia kabla, dawa nyingine zinaua bakteria. Mbolea ya kupandia TSP (ya fosfeti) kilo 40 hadi 50 kwa ekari, au ya Minjingu ukiongeza kiasi, iwe pembeni ya mbegu au chini yake, isigusane nayo. Urea weka kando kabisa.

Wiki ya tano ng'oa mimea michache kwa jembe, sio kwa kuvuta, maana vinundu vinabaki ardhini. Pasua kinundu kwa kucha. Ndani kukiwa kwekundu au waridi, bakteria wanafanya kazi. Kukiwa kijani au kijivu, hakuna kitu.

---

Mwana_Kibaigwa

Asanteni sana. Agronomia, hiyo ya kugeuza sikuitegemea, nilidhani fupi ndiyo salama siku zote.

Maswali mawili. Mvua ikija Desemba 4 milimita 30, udongo umelowa, unaniambia nikae niangalie tu? Na ikiwa mvua ya kupandia inachelewa mpaka Januari 8, nifanye nini ili mavuno yasishuke sana? Nimesoma kwamba ukichelewa unabana mistari na kuongeza mbegu.

---

Agronomia_DOM

Desemba 4 ukiwa na milimita 30 na udongo umelowa, panda ile ya siku 115. Itajaza punje kuanzia katikati ya Februari hadi Machi 17, nusu ya kwanza itaumia kidogo jua likiwa kali lakini nusu ya pili itapata maji. Zaidi ya hapo mbegu ya muda wa kati ina siku nyingi za kujenga pingili, na kwenye pingili ndipo maganda yanapokaa. Soya ikishatoa majani yake ya kwanza ya vidole vitatu huongeza pingili moja kila siku tatu hadi nne. Ile fupi tu ndiyo usiifungue. Tumia mvua hiyo kuua magugu ya awali kwenye sehemu yake, maana yataota yote.

Januari 8: ile fupi peke yake, na ndiyo, bana mistari hadi sentimita 35. Mmea uliochelewa unakuwa mfupi na matawi machache, mistari ya 45 haifungi. Jua linaloanguka kwenye udongo mtupu linakausha maji yako bure.

---

MzeeMpwapwa

Hapo kwa kubana mistari sikubaliani nawe bwana Agronomia, au tuseme nakubali nusu.

Kubana mistari kunafaa pale ambapo maji yapo na kinachopungua ni muda. Huku ukichelewa kinachopungua ni vyote viwili. Ukiweka mimea 230,000 kwa ekari kwenye udongo mwekundu wa Kongwa, itakunywa maji yote ya Februari ikiwa bado inatengeneza majani, Machi inafika hakuna akiba. Utapata shamba la kijani zuri la kupiga picha na maganda mepesi. Mimi ningebana mistari ila idadi ya mimea iwe ileile: sentimita 35 kwa 13, mbegu mbili. Kivuli kinafunga, na watu wa kunywa hawajaongezeka.

Lakini kikubwa ninachoona hakijasemwa ni kina cha mizizi. Tarehe na kina ni hesabu moja. Udongo wa kichanga-tifutifu unashika kama milimita 100 za maji yanayonyonyeka kwa kila mita ya kina. Soya iliyofunika shamba inatumia milimita 5 hadi 6 kwa siku. Mizizi ikiishia sentimita 40 kwa sababu ya tabaka gumu, una milimita 40, yaani wiki moja, na mmea unaanza kunyauka siku ya nne. Mizizi ikifika mita moja una siku 17 hivi, na dhiki inaanza karibu siku ya tisa. Jua la Februari la wiki mbili, shamba moja linakufa na jirani yake anavuna, walipanda siku moja. Halafu watu wanalaumu tarehe.

Na mashamba ya Kongwa yanayolimwa kwa trekta la sahani kina kilekile kila mwaka yana hilo tabaka, wala usibishe. Chimba shimo la sentimita 50 sasa hivi kukiwa kukavu, kwaruza ukuta wa shimo kwa ncha ya kisu kutoka juu kwenda chini. Mahali kisu kinapogoma kisha kikalainika tena chini yake, ndilo tabaka. Mara nyingi liko kati ya sentimita 15 na 25. Likate kwa ripa (jembe la ncha la kupasua udongo bila kuupindua) kabla ya mvua, udongo ukiwa mkavu ili upasuke, ncha ishuke sentimita 5 chini ya tabaka. Ukikata ukiwa umelowa unachora mstari tu. Kuberega, kukwangua juu na kupanda bila kutifua, kwa mtama inaweza kupita, kwa soya kwenye udongo wa namna hiyo ni hasara.

Waingereza walikuja hapo Kongwa mwaka 1947 na matrekta kulima karanga. Udongo ukakauka kama saruji na mvua zikawapiga chenga, 1951 mradi ukafungwa. Udongo ni uleule, mvua ni zilezile.

Kwenye mteremko kinga maji kwa matuta: umbali wa sentimita 75, kila mita mbili hadi tatu ziba mfereji kwa kizuizi cha udongo kilicho chini kidogo ya tuta lenyewe, ili mvua kubwa ikija maji yapite juu ya kizuizi na sio kubomoa tuta. Panda mistari miwili juu ya tuta. Shamba la mbuga nyeusi, ule udongo mzito wa mfinyanzi, usifanye hivyo, soya itasimama kwenye maji na vinundu vitakosa hewa.

---

Mwana_Kibaigwa

Mzee shikamoo. Nitachimba hilo shimo wiki hii. Kijijini kuna ripa ya kukodi ya ng'ombe. Inafika kina hicho?

---

MzeeMpwapwa

Marahaba kijana. Ripa ya ng'ombe kwa mapito mawili kwenye mstari uleule inafika sentimita 20 hadi 25 ng'ombe wakiwa na nguvu. Tabaka likiishia sentimita 15 hadi 20 inatosha. Likishuka zaidi ya hapo tafuta trekta. Na panda juu ya mstari wa ripa huohuo, usipande katikati. Kwa hiyo pima mistari yako ya 45 kabla ya kufunga ng'ombe.

---

Agronomia_DOM

Mzee, kwa idadi ya mimea nakupa. Sentimita 35 kwa 13 ni sawa kwa udongo ule, 230,000 ningeacha kwa mbuga au kwa mwenye maji ya ziada.

Niongeze kuhusu kurudia kupanda, maana hapo ndipo tarehe huharibika kabisa. Mbegu ikiota vibaya watu wanang'oa na kupanda upya, wanajikuta Januari 15. Hesabu kwanza. Kwa mstari wa 45 lengo ni mimea 20 kwa mita moja ya mstari. Ukipata 11 au zaidi na imesambaa sawasawa, acha ilivyo. Soya itatoa matawi na kuziba, hasara yake ni ndogo kuliko ya kuchelewa wiki mbili. Mapengo makubwa pandia ndani ya siku saba tangu shamba lichipue, zaidi ya hapo utakuwa na mimea ya umri mbili, moja inapukutisha punje nyingine bado mbichi.

---

Dada_Kondoa

Mimi nizungumzie mwisho wa safari, ukomavu wenyewe, kwa sababu tarehe ya kupanda unaiona tena pale.

Kutofautisha soya iliyokomaa na iliyokaushwa na jua: chukua maganda ya theluthi ya juu ya mmea, fungua. Iliyokomaa, punje imeachana na ule utando mweupe wa ndani ya ganda, ni ya mviringo, njano kabisa. Iliyokufa kwa ukame, utando umeng'ang'ania, punje imekunjamana na ndani ina ukijani hata ukiikausha wiki tatu. Ule ukijani ni klorofili iliyoshindwa kuondoka kabla mmea haujafa, haitoki tena. Wanunuzi wa kukamua mafuta wanaikata bei au wanaikataa, kwani inatia mafuta rangi ya kijani. Ukikuta zaidi ya punje chache kwenye kila mia, tenga sehemu hiyo ya shamba, usichanganye na nzuri.

Siku ya kuvuna: asilimia 95 ya maganda yawe yamegeuka rangi ya kukomaa na ukitikisa mmea unasikia punje zikicheza. Kutoka hapo una siku tano hadi kumi. Aprili mwishoni upepo wetu ni mkavu, ganda linapasuka lenyewe mchana. Kata kwa mundu alfajiri hadi saa tatu asubuhi maganda yakiwa na umande, using'oe, kwa sababu udongo utaingia kwenye punje na mizizi yenye vinundu ni mali ya shamba. Anika kwenye turubai siku mbili tatu, piga kwa fimbo taratibu. Kama utaacha mbegu, usipige soya iliyokauka kupita kiasi, ngozi yake ni nyembamba na ufa mdogo usiouona unaua uotaji. Ghalani iingie na unyevu usiozidi asilimia 12.

Kitu kingine ambacho Iowa hawakijui: ng'ombe. Mahindi na mtama wa majirani vikishavunwa, mifugo inaachiwa mashambani. Soya iliyopandwa Januari 20 ikiwa bado ya kijani mwezi Mei inakuwa malisho pekee ya kijani kijiji kizima. Hapo hakuna sungura wala kunguni wa maganda atakayekushinda kwa hasara.

---

Kijana_Bahi

Samahani kuingilia, kwa sisi wenye visima vya umwagiliaji huku Bahi je? Tukipanda Mei baada ya mpunga?

---

Agronomia_DOM

Inawezekana ila usitegemee mmea uleule. Juni na Julai usiku wa Dodoma unashuka hadi nyuzi joto 13 au 14, ukuaji unapungua, pingili zinakuwa fupi, na siku za kukomaa zinaongezeka hata kwa aina fupi. Hapo ndipo kubana mistari hadi 35 na kuongeza mbegu kunalipa bila ubishi, kwani maji unayo na mmea ni mfupi. Epuka kupanda Agosti, itatoa maua na kufunga maganda Oktoba kwenye joto kali. Na pima chumvi ya kisima kwanza, maji yenye chumvi nyingi huiumiza soya.

---

Mwana_Kibaigwa

Sawa wakuu. Kwa hiyo: shimo na ripa sasa, ya siku 115 ekari mbili kuanzia Desemba 4 hadi 20 mvua ikitimiza milimita 25, ya siku 95 kuanzia Desemba 20 hadi Januari 5, ikibidi 10. Swali la mwisho, kama Januari 10 imefika na ekari mbili bado tupu?

---

MamaEkari

Choroko. Siku 65 hadi 75, ukipanda mpaka mwishoni mwa Januari bado inamaliza na mvua, na mbegu ni kilo 8 hadi 10 tu kwa ekari. Soya iliyobaki usiitunze mpaka mwaka kesho kwa matumaini, stoo yetu ya joto itaimaliza. Kama haijapakwa dawa, kaanga saga uji. Kama imepakwa dawa, tafuta mwenye shamba Kondoa au Morogoro anayepanda bado, umuuzie mapema kabla hata ya Januari 10, ukiona mawingu hayaeleweki na utabiri wa TMA (Mamlaka ya Hali ya Hewa) unasema ukavu unaendelea.